Faga Ndani ya Uzio

Dhaidan alimtambua mama yake kwa mkao tu. Nani mwingine Kuwait nzima anachimba faga kapiga magoti vile, tena ndani ya uzio, bomba la mafuta likipita nyuma yake?

Dhaidan ni mlinzi wa visima vya mafuta. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye gari lenye kiyoyozi na kufukuza watu. Ashapewa onyo kwa kuwaachia binamu zake waingie. Akirudia, kazi hana.

"Mama, toka."

"Subiri, mchanga umepasuka hapa." Mama yake, Mudhi, hakuinua hata kichwa. Kiroba chake kilikuwa nusu.

Faga ni uyoga wa chini ya mchanga, ukiutazama utadhani kiazi; ukinenepa, mchanga wa juu yake unapasuka. Nchi hii maji ya kunywa yanatoka baharini kwa mashine, mchele unaletwa na meli, hata kondoo wa sikukuu kazaliwa Australia. Yote kwa pesa ya mafuta. Faga inajiotea, mradi mvua iwahi. Mwaka huu iliwahi.

"Hapa ni marufuku, Mama."

"Uzio umenikuta hapa. Na wewe umenikuta hapa hapa."

"Msimamizi akija mimi nimekwisha."

"Aje. Mwambie huyu mama yangu, tuone kama yeye kaokotwa."

Msimamizi akaja kweli. Akashusha kioo. "Dhaidan, huyo nani?"

Mudhi aliacha kuchimba, akamtazama mwanawe.

"Mtu tu," Dhaidan akasema. "Namtoa sasa hivi."

"Na kiroba kibaki."

"Kinabaki."

Mudhi akainuka, akakung'uta magoti, akamkabidhi kiroba mwenyewe. "Shika, askari." Akatembea mpaka kwenye gari lake bila kugeuka.

Ijumaa ukoo mzima ulizunguka sinia la wali. Mudhi, ambaye miaka yote anaapa hali faga iliyopanda ndege, alikuwa kanunua faga za Libya sokoni. Akawapakulia juu ya wali, mmoja mmoja: mabinti, wakwe, wajukuu, hata jirani aliyepita kusalimia. Akamruka Dhaidan.

"Mama, upande wangu hauna faga."

"Nyie, huyo nani?" Mudhi akawauliza wengine.

Wote wakamtazama Dhaidan. Hakuna aliyeelewa.

"Mtu tu," Mudhi akajijibu. "Mwacheni ale wali."

Dhaidan akala wali. Kazi bado anayo.