Mistari Miwili Uani kwa Mama

Kaka yangu alinipa pikipiki mwaka nilioajiriwa kuwa afisa mifugo nikapangiwa vijiji vya Chemba. Aliileta mwenyewe kutoka Dodoma, imepakwa rangi nyekundu mpya kuanzia shingo ya usukani hadi taa ya nyuma. Alisema ameipaka ili mdogo wake asizunguke vijijini na kitu kilichochakaa. Nililia. Niliwatangazia wenzangu wote ofisini kwamba asiye na kaka kama wangu hajui maana ya ndugu. Nikiyakumbuka maneno hayo sasa naona aibu, halafu hasira inanipanda.

Tangu siku ya kwanza pikipiki ile ilikuwa inavuta kushoto. Kwenye lami ya Kondoa ilivuta kidogo tu, ukiushikilia usukani mnaelewana. Kwenye mchanga wa makorongo ilikuwa inakata kona yenyewe bila kuniuliza. Nilimpigia kaka simu, akacheka.

"Mdogo wangu, huo ni upepo wa Dodoma. Wewe mwepesi, unakupeperusha."

Kweli upepo wa kwetu, kiangazi kikikolea, hufungua milango uliyoifunga. Nikakubali. Lakini pikipiki ilivuta kushoto nikienda na ikavuta kushoto nikirudi, hata asubuhi ambazo jani halitikisiki. Nilipomweleza hivyo, kaka alikuja Chemba siku ya mapumziko. Akajaza upepo matairi. Akalegeza nati ya gurudumu la nyuma, akalisogeza, akakaza mnyororo. Kisha akapanda pikipiki yake na kuniambia nitangulie, anifuate nyuma aone ninavyoendesha. Tulikwenda mwendo mrefu kwenye njia ya vumbi. Tuliposimama alivua kofia, akaniangalia kwa huruma.

"Pikipiki nzima hii. Tatizo ni wewe. Unakaa upande, unaegemea kushoto."

Nilimwamini. Nikaanza kukaa nimejipinda kulia hadi kiuno kikawa kinauma. Nilikwenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa shule, mtu mzima mwenye cheo chake, wanafunzi wakinichungulia madirishani. Siku moja nilimuuliza fundi cherehani wangu kama bega langu moja liko chini kuliko lingine. Akanipima mara mbili, akasema mabega yako sawasawa, labda nikapimwe kichwa. Nilicheka naye, lakini sikuacha kujikagua kwenye kioo kila asubuhi.

Ndipo tukaanguka na Mama. Nilikuwa nimempakia kumpeleka zahanati, na tulipoingia kwenye mchanga wa korongo usukani ukakata kushoto. Mama alitanguliza mkono wa kulia chini, ukavunjika. Kaka alifika hospitali jioni ile. Mbele ya Mama na mama zetu wadogo alitikisa kichwa akasema, "Nilimwambia arekebishe mkao wake. Nilimfuata nyuma mwenyewe, nikamwona kwa macho yangu."

Mama alinitetea, akasema ni bahati mbaya. Mimi niliamini nimemvunja mama yangu kwa kiuno changu kibovu. Alipofunguliwa hogo la plasta, mkono haukuweza tena kugeuka vizuri. Mama, ambaye alikuwa anasonga ugali wa mtama wa kutosha msiba, sasa anasongewa. Kila nilipomwona binamu yangu ameshika mwiko, nilitoka nje. Pikipiki niliiegesha, nikawa natembea kwa miguu.

Ulipofika wakati wa chanjo ya mifugo, miguu haikutosha. Niliikokota hadi kwa fundi mmoja pale Chemba, mtu wa Kolo, mdomo wake haukosi karanga. Nilimwamkia, nikamwomba aniangalizie breki tu.

"Marahaba. Breki sawa. Kingine?"

"Inavuta kushoto, lakini hilo ni kosa langu. Nakaa vibaya."

Aliacha kutafuna. Akaniambia niisukume polepole, imenyooka, kutoka mlangoni kwake hadi barabarani. Nikasukuma. Yeye hakuitazama pikipiki wala mimi. Alikuwa ameinama anatazama mchanga.

"Rudi uone," alisema. "Pikipiki nzima ikienda moja kwa moja, gurudumu la nyuma linakanyaga alama ya la mbele. Unabaki mstari mmoja. Wewe una miwili. Hii inatembea kiubavuubavu, kama mbwa. Na hukuwa umeikalia, sasa mkao gani?"

Akavua kiti na tangi, akakwangua rangi nyekundu chini ya shingo ya usukani kwa bisibisi. Chini yake palikuwa na kovu nene la kuchomelea. Fremu ilishawahi kupinda, akasema, na aliyeichomelea hakuinyoosha. Rangi ilikuja baadaye.

Nilikaa kwenye tairi bovu nisinyanyuke. Kovu lingeweza kuwa la mtu mwingine, kaka akawa ameuziwa bila kujua. Kilichonimaliza ni ile mistari. Mama alichunga ng'ombe wa babu tangu utotoni, na sisi wanawe alitufundisha kusoma nyayo kabla ya kusoma vitabu. Kaka alikuwa bora kuliko wote. Aliweza kukwambia mbuzi yupi anachechemea kabla hajamwona. Na ndiye aliyenifuata nyuma kwenye vumbi, mistari yangu miwili imelala mbele ya tairi lake njia nzima.

Nilimpigia pale pale. Akasema alianguka nayo mwaka mmoja kabla ya kunipa, akaona aibu kusema.

"Nilidhani utaizoea," akasema. Halafu akauliza, "Mama umemwambia?"

Hakuuliza kitu kingine.

Jumamosi kaka alikuwa kwa Mama asubuhi. Nilifika nikiikokota pikipiki. Uwanja ulikuwa umefagiliwa sasa hivi, alama za fagio bado zinaonekana. Mama alikuwa kwenye kigoda, kaka pembeni yake anabangua karanga. Niliwaamkia, nikaisukuma pikipiki taratibu, imenyooka, kutoka langoni hadi mlango wa jiko, nikaiegesha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya ukali. Hayakuhitajika.

Mama alitazama chini kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama ng'ombe wakirudi.

"Hospitali ulisema ulimfuata nyuma," alimwambia kaka.

"Ndiyo, Mama."

"Njia ya vumbi?"

Karanga zilimmwagikia kaka miguuni. Mama akataka kusimama, na kaka akaruka haraka amshike. Mama alimpita, akaninyooshea mimi mkono wake wa kulia, ule usiogeuka, nimwinue.