Mikono Juu Kumpinga Mchora Hina

Mama mmoja kutoka India alipofungua chumba cha kuchora hina nyuma ya soko la Bagamoyo, nilikosa usingizi. Hina ndiyo kazi yangu, na harusi za Shaabani, kabla ya mfungo, ndizo zinazonilisha mwaka mzima. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na maua yake membamba kama uzi. Kibaya zaidi, hakuwa mtu wa kula kazini. Sisi wa hapa tunafika kwa bibi harusi asubuhi, tunapewa chai, tunachora kidole, tunamsengenya bwana harusi, tunangoja pilau, ndipo tunachora cha pili. Yeye alimaliza mikono yote miwili kabla wali haujaiva. Huo ni uungwana?

Nikawaita wachora hina wenzangu, tukaunda umoja, wakanipa uenyekiti. Tukakubaliana ya pilau tusiyataje. Tutasema tunalinda mila na ngozi za wateja.

Mtendaji wa kata, mama mpole kutoka bara, alitusikiliza. Nilisema hadi koo likakauka: mgeni hajui mila zetu, hina yake haijulikani imechanganywa na nini, mabinti zetu watababuka.

"Sawa," akasema. "Wanaotaka azuiwe wanyooshe mikono."

Ikanyooka yote. Viganjani mwa wenzangu kulikuwa na maua membamba kama uzi, yamekolea vizuri, mengine ya juzi tu. Baadaye waliniambia eti walikwenda kupeleleza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mtendaji alivua miwani, akaivaa tena. "Jamani! Nani kawachora hivi?"

Katibu wangu, ambaye haya hana, akaninyooshea kidole, nacho kimechorwa. "Mwenyekiti wetu huyu, mama."

"Sasa mnaogopa nini?" Mtendaji alicheka. "Mwenye mkono huu nani atamweza? Mwacheni mgeni afanye kazi yake. Nawe mwenyekiti, binti yangu anaolewa Jumamosi. Uje umchore hivi hivi."

Nikaitikia.

Siku ile ile nilijitanda ushungi hadi puani, nikaenda nyuma ya soko kumwomba mgeni anifundishe. Alivitazama viganja vyangu vitupu, akanionyesha benchi.

"Karibu, dada. Foleni."

Mtu wa mwisho kwenye benchi alisogea kunipisha.

"Kaa hapa, mwenyekiti," akasema katibu wangu.