Mashine Ilijua Jiwe la Mama Tu

Nimekosa, jamani. Msinitafutie udhuru. Nimemvunjia heshima shangazi yangu, na mpaka leo anadhani aliyekosea ni yeye.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Palma. Ulikuja mradi wa kununua msiro wa akina mama, ule mti tunaousugua kwenye jiwe kwa maji tukapaka usoni. Ukikaushwa unakuwa unga, unafungwa, unauzwa mbali. Mnunuzi alitaka unga safi, usioongezwa chokaa.

Basi tukaletewa mashine. Inapiga unga kwa mwale wa leza, cheche inaruka, yenyewe inasoma mwanga wa ile cheche. Halafu kompyuta inapiga hesabu na kuuweka unga kwenye kundi lake: safi, au wenye chokaa. Makundi ni hayo mawili. Neno "sijui" haina!

Lakini kwanza lazima ifundishwe. Mkuu wangu aliniambia nipite Tungue, Quionga mpaka Mute, nikusanye msiro safi kutoka nyumba mbalimbali, kila mama asugue kwenye jiwe lake. Jua lile! Nikaona, aa, msiro si msiro tu? Nikakaa barazani kwa mama, nikasugua wote kwenye jiwe lake jeusi la kutoka bara, kisha nikaandika majina ya vijiji juu ya pakiti. Uvivu huo, ndugu zangu, uvivu na kiburi cha kuitwa técnica, fundi mwenye cheti.

Siku ya kupima, akina mama walijaa uani. Unga wa shangazi ukapigwa. Kompyuta ikasema chokaa. Tukarudia, chokaa. Mkuu akatangaza mbele ya watu wote.

Shangazi ndiye aliyekuwa akipaka maharusi mtaani kwetu. Alisimama akanitazama mimi, si mkuu.

"Mie? Nitie chokaa kwenye nyuso za wana wa watu?"

Mmoja nyuma akacheka. "Kumbe ndo maana maharusi wako wanang'aa!"

Jioni nikaenda kumpa pole. Nikaliona jiwe lake, la marehemu bibi. Jeupe, la matumbawe! Chokaa yenyewe si tunaipata kwa kuchoma matumbawe? Kila akisugua, jiwe lilikuwa linalika kidogo kidogo na kuingia kwenye msiro. Mashine haikuwahi kuoneshwa unga wa jiwe kama lile, kwa sababu mimi sikutoka barazani.

Nikafungua mdomo. Nikakumbuka kontrato yangu ya kazi inakaribia kuisha. Nikaufunga.

"Wangekuwa wageni watupu ningebisha," shangazi akasema. "Lakini ulikuwepo wee, mwanetu, umesoma. Wee huwezi kunisingizia. Labda mie nimekosea pahala."

Wallahi, bora angenitukana!

Kontrato waliniongezea. Baadaye mradi ukaisha, mashine ikaondoka, maneno yakabaki. Maharusi wakaanza kupelekwa kwa mwingine.

Mwaka huu nikaposwa. Nikaenda kumwomba shangazi anipake yeye, kama alivyowapaka dada zangu wote. Nilidhani nikipakwa naye watu wakaona, nitakuwa nimemsafisha bila kusema neno. Ujanja tena!

"Hapana, mwari wangu," akasema. "Nisije nikakutia doa siku yako. Tafuta mwenye jiwe zuri."

Nilipotoka nikalikuta jiwe la bibi limeegemezwa mlango wa banda la kuku.

Nimeolewa nimepakwa msiro wa mtu baki. Nililia mpaka ukachirizika, na watu wakasema bibi harusi ana haya.

Nyie mnaofundisha mashine, tembeeni hilo jua! Uongo wako mdogo wa barazani utakuja kumuumbua mtu, na anaweza kuwa ndiye aliyekubeba mgongoni. Ukishajua umekosea, sema siku ile ile. Ukilala nalo, kesho mdomo unakuwa mzito zaidi, keshokutwa ndo kabisa.

Mimi nimeanza kuwaambia nyie kwa kuwa hamnijui. Kwa shangazi nimekwenda mara nyingi. Nimekaa, nimekunywa chai yake, nimepita mbele ya lile banda la kuku, nimerudi nyumbani.