Mchoro wa Kanisa Mapajani mwa Madam

Madam wangu wa pili Dubai alikuwa bibi wa Kiingereza aliyepooza upande wa kulia na kupoteza kauli. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na kwa kidole cha mkono huo alinisemesha, juu ya mchoro wa kanisa la kijijini kwao.

Aliyeuchora ni marehemu mumewe, fundi wa kukarabati majengo ya kale. Aliuchora kana kwamba ukuta mmoja umeondolewa, ndani kote kukaonekana: mnara wa mraba wa mawe, matao yaliyochongoka, paa la mbao nzito. Nguzo za upande mmoja zilikuwa nene, za upande wa pili nyembamba, kwa sababu upande huo, mwanawe alinieleza, uliongezwa karne kadhaa baadaye.

Mimi Mwislamu wa Tanga, sikuwahi kuingia kanisani. Nikaupiga picha kwa simu, nikampelekea rafiki yangu, Mkristo wa Kakamega niliyekwenda kwake mtaa wa Muraqqabat kila Ijumaa.

"Hili beseni la jiwe ni la kubatizia, dada," akanifundisha. "Na hapa mbele ni altari."

Basi tukaelewana. Madam akigusa beseni, anataka maji. Akigusa baraza la mlangoni, nimtoe nje. Mabenchi, amechoka kukaa. Mnara wa kengele, nimpigie mwanawe, aliyefanya kazi Abu Dhabi na kuja Alhamisi kwa Alhamisi.

Jumatatu moja akagusa kitu ambacho hajawahi kukigusa. Pembeni kabisa ya mchoro, kwenye njia ya kuelekea kanisani, palikuwa na kibanda kisicho na kuta, paa la vigae juu ya nguzo nne za mbao.

"Kivuli, madam?" Nikamsukuma na kiti chake hadi chini ya turubai la kuegeshea magari. Akatikisa kichwa. Nikaleta chakula, akafumba mdomo. Nikambadilisha nguo. Nikampigia mwanawe, hakupokea. Kidole kikarudi palepale. Siku ya tatu alikwaruza kioo cha fremu mpaka ukucha ukavunjika, machozi yakimtiririka. Nikapiga magoti nikalia naye.

"Nisamehe, madam. Wallahi sikuelewi."

Rafiki yangu naye hakukijua. "Kwetu kanisa lina geti tu, na soja wa kulilinda," alisema kwenye simu.

Alhamisi mwanawe alipoingia, sikumpa nafasi hata ya kuweka funguo.

"Sir, hiki kibanda ni nini?"

Alikitazama, akakaa. "Ni lango la makaburini. Jeneza hutuliwa hapo chini ya paa, padri atoke kulipokea. Baba amezikwa hatua chache kutoka hapo."

"Kumbe anataka kwenda kwao," nikasema.

"Daktari amekataza ndege. Atafia angani."

Madam alikuwa anatusikiliza. Nikaropoka: "Na akibaki hapa, sir, hatakufa?"

Akanikazia macho, nikajua kazi imekwisha. Lakini alimgeukia mama yake, akamshika mkono, akamwambia polepole kwamba haiwezekani. Mama akauchomoa mkono wake. Kisha akausukuma mchoro, ukaanguka chini, kioo kikapasuka.

Niliupeleka kwa fundi mtaa wa Satwa ukawekwa kioo kipya, nikamrudishia mapajani. Hakugusa kitu tena. Nilikichukua mwenyewe kidole chake nikakiweka juu ya beseni. "Maji, madam?" Nilipokiachia, kikaanguka. Tangu hapo nilimnywesha kwa saa ya ukutani na kumlisha kwa kubahatisha. Kama ana kiu, kama ana maumivu, kama ananichukia kwa kuwa nilielewa na sikuweza kumsaidia, sikuwa na njia ya kujua. Nilimwomba Mungu amrudishie japo hasira, ausukume tena mchoro kama siku ile. Miezi minne nilimsihi mtu aliyekwisha kuniaga.

Alifariki asubuhi, nikimchana nywele. Mwanawe alimzika hapahapa Dubai. Alisema waliomjua kule kijijini wamekwisha wote. Tulisimama kaburini watu watano, mimi na rafiki yangu tukiwa miongoni mwao, na jua limeshakuwa kali.

Wiki iliyofuata, ofisi inayotutafutia kazi ikaniuliza kama nina uzoefu wa kutunza mgonjwa asiyesema.

Nikasema sina.