Aliyoniambia Mama Yake

Kazi yangu ni kusikiliza watu wenye mzigo moyoni, katika chumba kidogo cha kliniki Mji Mkongwe. Mwanamke mmoja wa Jambiani alikuja kwangu kwa muda mrefu, mpaka alipofariki. Baada ya khitma, binti yake mkubwa akaja.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

Hakuja kufuata pole. Alitaka kujua mama yake alikuwa akilia nini kwangu. Nikamwambia sisemi.

"Keshakufa, na mimi ndiye mwanawe! Unamfichia nani?"

Watu hudhani mtu akifa, siri zake nazo ni urithi, zigawanywe kama minazi. Hasira zangu ziko karibu, lakini siku ile sikupandisha sauti. Nilimuuliza nani aliyemwosha mama yake.

"Mimi, pamoja na mama wadogo."

"Haya, niambie mliona nini mwilini mwake."

Akanitolea macho. "Astaghfirullah, Bi! Aliyeosha maiti hasemi alichokiona. Hayo huyajui?"

"Nayajua sana. Na mimi nilimwosha mama yako, tena akingali hai."