Kichwa cha Habari Kilichojaza Watu Kisongo

Kazi yangu ni kutunga vichwa vya habari. Jarida letu hutoka mara moja kwa mwezi hapa Arusha, linaandika mambo ya kilimo na biashara ndogondogo, na kila makala hufika mezani kwangu ikiwa haina jina. Wenzangu wanadhani nina kipaji. Ukweli ni kwamba naiba, tena naiba kwenye nyimbo za roki.

Baba alikuwa dereva wa watalii. Mgeni mmoja, siku ya kurudi kwao, alimwachia boksi la kanda, baba akalileta nyumbani Engutoto bila kujua kwamba ni za roki. Kwetu ziliimbwa tenzi za kanisani tu. Ila mama akienda mazoezi ya kwaya, mimi nilikaa sakafuni na kamusi, nikitafuta maana ya yale yaliyokuwa yakipigiwa kelele juu ya magitaa. Nilipopata kazi, mistari ile ilikuwa bado imenikaa kichwani. Habari ya ukame niliipa maneno ya wimbo wa mapenzi. Habari ya soko jipya niliipa jina la wimbo wa wafungwa. Hakuna aliyenishtukia.

Ndipo tukaandika habari ya mwalimu mstaafu wa Kisongo aliyechoka kukaa bure nyumbani, akaanzisha kitalu cha miche ya parachichi. Picha yake ilikuwa nzuri: nyeusi na nyeupe, amevaa koti, anatazama mbali. Juu yake niliweka mstari niliokuwa nikiupenda tangu utotoni: "Msinisubiri, Nimeshaondoka."

Mhariri wetu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, aliusoma mara mbili.

"Watu wataelewa?"

"Wataelewa, mama."

Akapitisha.

Jarida lilipotoka, mtu mmoja alipiga picha nusu ya juu ya ukurasa, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa zamani wa yule mwalimu. Makala yenyewe haikuonekana. Ilionekana sura yake na maneno yangu. Kabla ya saa sita mchana watu walikuwa wanapeana pole, na wengine walishafika kwake.

Mhariri aliniita. "Nenda ukaombe radhi mwenyewe. Usipige simu."

Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa uani na akina mama wanachambua mchele. Mwalimu alikuwa amesimama getini, akiwaeleza wanaofika kwamba yu hai.

"Shikamoo mwalimu. Ni mimi niliyeandika."

"Marahaba."

Mke wake alitoka nyuma yake akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Kumbe ndiye huyu aliyenifanya mjane."

Nilieleza habari ya wimbo. Mwalimu alinisikiliza kama anayesahihisha insha.

"Huo wimbo unahusu nini?"

"Kijana anayetoroka kwao, mwalimu."

"Na mimi nimetoroka wapi?"

Hapo pikapu ilisimama nje, akashuka mzee mwenye mkungu wa ndizi begani. Akina mama wakaacha kuchambua mchele. Baadaye niliambiwa kuwa ni mdogo wake mwalimu, anayeishi juu huko mlimani Meru, na kwamba hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi kwa sababu ya shamba la baba yao.

Yule mzee alimwona kaka yake, akabaki amesimama na mkungu wake.

"Nimeambiwa umekufa."

"Na ukaja."

"Ningeachaje kuja?"

Mwalimu alimsogelea, akaupokea ule mkungu kutoka begani kwake. Alielemewa kidogo, mdogo wake akamsaidia, wakaingia nao ndani pamoja. Nilimwona mke wa mwalimu akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akanigeukia.

"Wewe njoo jikoni. Mchele wote huu ataula nani?"

Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi. Waliokuja kulia walikula, na wengine wakaondoka na miche mikononi.

Toleo lililofuata tuliomba radhi kwa maneno matatu, "Mwalimu Yu Hai," na hayo hayakutoka kwenye wimbo wowote. Bado naiba, lakini kwanza namsomea mama anayetuuzia chai ofisini. Akiniuliza nani kafariki, nafuta.

Mvua za masika zilipoanza mwalimu alinipigia simu, akaniambia nije na viatu vya matope. Nilipanda mpaka kwenye lile shamba la baba yao. Nilikuta mashimo yamechimbwa kwa safu, na ndugu wawili wanabishana kwa Kimeru, mmoja ameshika kamba ya kupimia, mwingine anaivuta upande wake. Mdogo mtu aliniona akanikabidhi mche.

"Panda huo hapo. Sisi tukingoja kukubaliana, mvua itakatika."

Nikapiga magoti kwenye udongo.