Kuku wa Harusi ya Bungoma

Mwanangu, iko siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau. Ilikuwa miaka ya themanini, nikiwa kijana, dereva wa gari la friza la Bwana Jaswant, mfanyabiashara wa Kitale. Asubuhi hiyo alinipakilia kuku waliogandishwa niwapeleke Bungoma kwa Mama Nafula, mpishi aliyekuwa na kazi ya kupika harusini kesho yake.

"Baridi ikikatika njiani, rudi na mzigo," aliniambia. "Usiniogope."

Nilipofika Tongaren nikapitia kwa msichana niliyekuwa nikimchumbia. Nikazima injini, na mashine ya baridi ilitegemea injini hiyo. Nilidhani nakaa kidogo tu. Chai ikaja, mahindi ya kuchoma yakaja, na wewe unajua mazungumzo ya wachumba. Nilipotoka, mchana ulikuwa umekwisha kwenda. Nikafungua mlango wa nyuma, nikambonyeza kuku mmoja. Kidole kikazama, maji mekundu yakachuruzika.

Ilinipasa kurudi Kitale. Badala yake niliwasha injini nikaiacha ikinguruma mpaka kuku wakawa wagumu tena kwa nje.

"Hawa wamekaa vizuri?" Mama Nafula aliniuliza nilipomshushia.

"Wako sawa, mama."

Kesho yake wageni walianza kutapika kabla sherehe haijaisha. Wengi walilazwa, na nyanyake bwana harusi alikaa hospitali wiki nzima. Watu wakasema ni uchafu wa mpishi. Nilikuwa nimekuja kuchukua makreti yangu ya kubebea kuku, nikawasikia wakimwambia usoni, nikanyamaza. Hakuitwa tena kupika harusi yoyote.

Miaka ya tisini nilimfuata Lugulu alikohamia, nikamweleza yote.

"Si ungesema tu siku ile," alisema. "Hata mimi niliishia kuamini ni mikono yangu." Kisha akanipa mkono, akasema amenisamehe.

Basi mwanangu, ukibeba chakula cha baridi, usizime mashine, usifungue mlango ovyo. Kikiyeyuka, usikigandishe tena ukadhani umekiponya. Ubaya ukishaingia, barafu haiuondoi, na mara nyingine hata moto hauuondoi. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Mimi nilisamehewa, lakini miaka ya yule mama sikuweza kumrudishia.

Mungu akulinde barabarani, na akujalie kusema kweli mapema kuliko nilivyosema mimi.